Maji ya Koili

Nimechoka. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma hadi katikati akitafuta mahali pa kucheka. Nikiulizwa habari za Lodwar hujibu "nzuri", kama kila mtu, lakini habari za Lodwar ni joto, na mimi nimeishi ndani ya joto hilo tangu nikiwa mwalimu kijana mwenye kiuno chembamba hadi leo, bibi mstaafu anayelala uani juu ya godoro lililonyunyiziwa maji. Mwaka huu nimechoka zaidi kwa sababu mume wangu alipatwa na kiharusi. Kilimchukua mkono na mguu wa kulia. Ulimi kilimwachia, akili kilimwachia, na ukaidi wake hakikuugusa hata kidogo.

Sisi si wazaliwa wa hapa. Kwetu ni upande wa Kitale, kwenye mahindi na mvua. Yeye alikuwa dereva wa serikali, akahamishiwa Turkana, nami nikamfuata na chaki zangu. Watu wa hapa wakikuona umefunga mizigo kuelekea kusini, kupita Kainuk, hukuuliza: "Mwalimu, unaenda Kenya?" Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi najibu kwamba ndiyo, naenda Kenya nikipata njia.

Pikapu yetu ilikuwa ya idara. Ilipozeeka ikatupwa kwenye mnada, na mume wangu akaikomboa kama mtu anayemtoa ndugu yake korokoroni. Ni ya petroli, ya zile za zamani ambazo ukifungua boneti unaona kila kitu kwa macho: betri pale, distributa pale, waya nene za plagi zimelala kama nyoka walioshiba, na koili imefungwa ubavuni. Nilikuja kuyajua majina hayo yote bila kupenda. Ukiolewa na dereva utajua gari, kama vile mke wa mchungaji anavyojua nyimbo za mazishi.

Koili ni mkebe mdogo wa chuma. Kazi yake ni kuchukua umeme mpole wa betri na kuufanya mkali, utoe cheche ya kuchoma petroli. Nayo haipendi joto. Ikizidiwa inazimia, na gari linasimama katikati ya mahali ambapo hata mbuzi hawapiti. Kwa hiyo enzi za barabara ya vumbi, madereva wa huku walikuwa na desturi moja. Kila ukifika laga, yaani mto wa mchanga usio na maji, unasimama, unafungua boneti na kuivika koili kitambaa kibichi. Kila gari lilibeba dumu la maji ya kunywa na dumu la maji ya koili, na ole wako uyachanganye. Na kila dereva alikuwa na mtu wake wa kitambaa. Kwenye safari zetu za kwenda nyumbani na kurudi, mtu wa kitambaa nilikuwa mimi. Leso yangu ya harusi ilikwisha vipande vipande juu ya mkebe ule.

Siku moja, karibu na Lokichar, akina mama waliokuwa wakichimba maji kwenye mchanga wa laga waliacha kuchimba wakasimama kunitazama. Walikuwa wameingia shimoni hadi mabegani kutafuta maji ya tope, na mimi nilikuwa juu yao namwagia chuma maji safi. Mmoja, shanga zimempanda hadi kidevuni, akaniuliza kwa Kiswahili chake: "Ng'ombe yenu hii nakunywa na kichwa?" Wenzake wakaangua kicheko. Niliwapa madumu yote mawili, la koili na la kunywa, na tukafika nyumbani midomo imepasuka. Mume wangu alicheka njia nzima. Tangu siku hiyo, tukifika laga, haambii mtu kwamba koili imepata moto. Anasema, "Ng'ombe ana kiu."

Kuna kitu kingine chini ya boneti ile ambacho alikipenda kuliko vyote. Ni kipande cha kauri nyeupe, hakizidi kidole, kimeshikwa na bati, na kina waya inayoingia huku na nyingine inayotokea kule. Mafundi wenye vitabu wanakiita rezista. Yeye alikiita breki ya koili. Alinieleza mara nyingi mno, nikiwa nasahihisha madaftari na sina haja ya kujua, kwamba wakati wa kuwasha gari koili inahitaji umeme wote, basi umeme unapita njia ya mkato. Ukishawasha, ukiachia ufunguo, njia ya mkato inafungwa na umeme unapita kwenye ile breki, nayo inaupunguza ili koili isiungue. Kwa hiyo kipande kile huwa cha moto sana, na ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Lakini hebu jaribu kulieleza jambo hilo Lodwar. Mafundi wa hapa walikuwa wakikigusa, kinawaunguza, wanakilaani na kukitupa. Katika mji huu chochote kinachounguza ni adui. Waya zinaunganishwa moja kwa moja, gari linawaka vizuri, mwenye gari anafurahi, na baada ya muda koili inakaangika. Ndipo maji na vitambaa vinaanza kuhangaika. Mume wangu alikuwa akitikisa kichwa. "Wanatoa breki halafu wanasema gari limekuwa jepesi," alikuwa akisema. Sisi breki yetu ilikuwapo, na maji tuliyamwaga kwa sababu ya njia mbaya, pale gari linapotambaa na injini inapika kila kitu. Lami ilipokuja, upepo ukawa unapoza wenyewe na kitambaa kikastaafu kabla yangu.

Sasa, kiharusi. Akiwa bado hospitali aliniita karibu akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Akasema, "Mwalimu, mimi sitaki kurudishwa. Nataka kurudi." Nilimwelewa. Tumeona wengi, watu wa kwetu waliofanya kazi huku, wakirudishwa. Gari linakuja na jeneza juu, kwaya inaimba, watu wanachanga, na mtu anapelekwa Kenya akiwa hana habari. Hakutaka hilo. Alitaka aingie kwenye lango lake akiwa amekaa, macho wazi, ndani ya pikapu yake. Nikamwahidi. Na nikisema nilimwahidi, ninamaanisha kwamba tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine duniani. Daktari alikuwa amenieleza pembeni kwamba kiharusi cha pili huwa hakipigi hodi.

Nilifunga mizigo. Nikamwandikia kila mtu nyumbani kwamba tunakuja. Asubuhi ya safari nikamkalisha mume wangu kwenye kiti cha kamba barazani anisubiri, nikaingia kwenye pikapu, nikazungusha ufunguo. Ikawaka palepale. Nikashukuru Mungu, nikaachia ufunguo. Ikazima.

Nikazungusha tena. Ikawaka, tena kwa sauti tamu. Nikaachia, ikazima. Niliufanya mchezo huo mpaka jasho likanishuka hadi kwenye viatu. Ukishika ufunguo inawaka, ukiachia inafa. Nilitoka nikamwambia mume wangu, na nilitarajia atanipa jibu kabla sijamaliza sentensi, kwa sababu huyu ni mtu ambaye madereva wa Lokitaung na Kataboi walikuwa wakimpigia simu awasikilizie injini, naye anataja ugonjwa akiwa anakunywa chai.

Alitazama chini. "Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Vitu vimezeeka. Sijui."

Niliingia ndani nikalia jikoni. Nilijua kiharusi kimemchukua mkono na mguu, hilo nilikuwa nimelizoea. Sikujua kimeingia hadi huko ndani, kikabeba na ufundi wake. Nilijiambia, mama, huyu ndiye mumeo sasa, mzoee.

Nilimwita fundi wa mtaa wa pili. Ni mtu mzima, mwenye bidii, lakini amelelewa na dizeli na pikipiki, na gari lenye koili kwake ni kama kitabu cha Kilatini. Akafungua kabureta, akaisafisha. Akapuliza mrija wa petroli. Akabadilisha plagi. Kila akimaliza ananiambia, "Mwalimu, washa," nashika ufunguo, inawaka, naachia, inazima. Mwisho akaweka kidole kwenye ile kauri nyeupe.

"Hicho usikiguse," mume wangu akasema kutoka barazani. Ilikuwa sauti yake ya zamani kabisa. "Hicho ni kizima. Nyinyi kazi yenu ni kutoa breki za watu."

Fundi akaondoa mkono kama aliyeungua. Mimi nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba angalau ukali wake bado upo. Fundi akasema basi itakuwa koili yenyewe imechoka, na koili ya gari la umri huu hapa Lodwar hakuna.

Miezi ikapita. Kila asubuhi, nikishamwogesha na kumkalisha barazani, naenda kwenye pikapu naushikilia ufunguo kidogo, ingurume, damu izunguke. Yeye anasikiliza amefumba macho. Halafu mkono unachoka, naachia. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba siku moja, nikiwa nimeushika ufunguo ule, niliwaza kwamba haya ndiyo maisha yangu, nimeshikilia, na nikiachia tu kila kitu kinazima. Nilikasirika sana siku hiyo. Nilimkasirikia yeye, na gari, na joto, na yule aliyeagiza uhamisho wetu, ambaye bila shaka alishakufa zamani na kuzikwa mahali penye nyasi.

Ndipo nikamkumbuka fundi wa Kakuma. Ni Mkongomani, alikuja kwenye kambi ya wakimbizi na watu wake miaka mingi iliyopita, akafungua karakana ndogo kando ya barabara, na mume wangu alikuwa akipita kwake kila safari ya Lokichoggio. Walibadilishana vyuma vya magari ya kale kama akina mama wanavyobadilishana mbegu. Nikasema nitakwenda kwake na koili yetu mkononi, aione, anipe ya kufanana.

"Kakuma?" mume wangu akasema. "Na jua hili?"

"Jua lipo hata hapa."

"Huyo alishahama. Nasikia alipelekwa Ulaya."

"Basi nitamuuliza jirani yake Ulaya ni wapi."

Jirani yetu, mama Mturkana anayeniuzia makaa, alikubali kukaa naye. Niliifungua koili, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia kwenye mkoba pamoja na miwani na Biblia, na nikaondoka asubuhi hiyohiyo.

Barabara ya Kakuma sasa ni lami, na nilisinzia karibu njia yote. Nilishuka sokoni, vumbi, mbuzi, vijana wanaongea Sheng, wanawake wa Kisomali na vibanda vya nguo, na kila mtu ana haraka kuliko mimi. Karakana ilikuwa palepale. Fundi naye alikuwa palepale, amenenepa kidogo, ndevu zimeingia mvi. Aliponiona alisimama haraka, akafuta mikono, akanipa kiti cha plastiki chenye kivuli. Kabla sijakaa vizuri akasema:

"Mama, pole na safari. Koili hakuna. Hata ya kuazima hakuna. Bintu bya zamani bilikwisha."

Nilimtazama. Nikatazama lile rundo la vyuma nyuma yake, lililofika juu ya paa. Nikaweka mkoba magotini bila kuufungua.

"Mwanangu," nikasema, "mimi sijakuambia nimefuata koili."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo mwenye heshima ni fupi zaidi. Alikaa juu ya tairi. Akaagiza chai. Chai ilipokuja akanimiminia mwenyewe, akaweka sukari nyingi kama wanavyopenda kwao, halafu akashika kichwa.

"Mama, miye siwezi kukudanganya. Muzee alinipigia simu asubui. Alisema, mama anakuja, mwambie hakuna kitu. Muzee ni baba yangu hapa. Nitafanya nini?"

Nilitoa koili, nikampa. Akaichukua, akaiunganisha na betri aliyokuwa nayo mezani, akagusanisha waya, na cheche ikaruka, ya buluu, kali, mpaka nikavuta miguu.

"Koili nzima kabisa," akasema. "Ukishika ufunguo, gari inawaka?"

"Inawaka."

"Ukiachia?"

"Inazima."

"Eh." Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari. "Ni rezistansi, mama. Ile ya kauri, nyeupe. Ukiitazama inje ni nzima, lakini ndani waya imekatika. Wakati wa kuwasha umeme unapita ingine njia, kwa hiyo inawaka. Ukiachia, unakuja kupita pale, unakuta njia imekatika. Muzee anajua hii. Ni yeye alinifunza, wakati nilifika hapa sijui kitu. Alisema, kijana, ugonjwa wa kushika na kuachia ni mmoja tu."

Hicho usikiguse. Hicho ni kizima. Nilisikia sauti yake ya barazani nikiwa pale Kakuma, na uso wangu ukapata moto kuliko kauri ile. Miezi yote hiyo! Nilikuwa nimelia jikoni kwangu nikiuombolezea ufundi wa mtu, naye yuko barazani na ufundi wake wote, anakunywa uji wangu.

Fundi alipanda juu ya rundo, akapekua, akashuka na kipande cha kauri kilichopauka rangi lakini kizima. Akakipima. Akakifunga kwenye gazeti. "Ukiweka hii," akasema, "koili haitaomba maji hata kidogo. Endesha tu." Halafu kwa sauti ndogo: "Mama, usimugombeze sana."

Nilimwambia nitafikiria. Njia yote ya kurudi sikusinzia.

Nilifika Lodwar jua bado kali. Jirani aliniona uso, akachukua shuka lake, akanisalimu "ejok" ya haraka kwa lugha yake na kwenda zake. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake cha kamba. Nilitoa kile kipande nikakiweka kwenye kiganja chake cha kushoto. Hakukitazama. Alikigeuza kwa vidole, akapapasa vichwa vyake viwili vya waya.

"Hiki kimetoka kwenye lori," akasema. "Lakini kitafaa."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Ulipoachia ufunguo mara ya kwanza."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia nimemwosha, nimemgeuza, nimemlisha, sijalalamika, na kumbe nilikuwa naulilia ufundi ambao haukupotea popote. Nilimwambia ni yeye aliyeomba kurudi. Ni yeye aliyenishika mkono hospitali. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye amefanikiwa kuficha hadi maradhi ya gari. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi nikakaa kwenye ngazi.

"Hospitali niliogopa kufia pale," akasema. Alikuwa anaongea polepole, kama anavyoongea sasa. "Nilipotoka nikaanza kuogopa kitu kingine. Unakumbuka Krismasi ya mwisho tuliyokwenda nyumbani? Pale kando ya kaburi la mama, kwenye avokado. Ndugu zangu wamepalilia. Wamepanda na maua. Hakuna aliyeniambia kitu, na mimi sikuuliza, lakini kila mtu anajua pale pamewekewa nani." Alikigeuza tena kile kipande. "Nikifika kule nitakuwa nimefika, mwalimu. Hapa bado niko safarini."

Nilitaka kusema kitu cha imani. Nimefundisha watoto Biblia maisha yangu yote, lakini siku hiyo halikuja hata neno moja.

"Na mimi je?" nikasema. Ndilo lililotoka. "Mimi nataka mvua. Nataka kulala ndani ya nyumba, nijifunike blanketi, nisikie mabati yakipigwa. Nataka kushika udongo unaoshikana. Nimechoka na hapa. Nimechoka mpaka nikiamka natamani iwe jioni."

"Nilidhani ni mimi unayenipeleka," akasema.

"Najipeleka na mimi pia."

Nilimletea chai, akaimaliza yote, akaniomba nyingine, akaimaliza nayo. Sikumsukuma. Nilikuwa nimekwisha kusema, na kwa kweli sikuwa na nguvu ya kusema zaidi. Kama angesema hapana, ningekichukua kile kipande nikakitupa kwenye mto Turkwel, na nikaendelea kushika ufunguo kila asubuhi mpaka mmoja wetu aishe. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu mimi ni mwema.

Asubuhi, nikishamwogesha, alisema, "Tafuta bisibisi."

Nilimsogezea kiti karibu na boneti. Nikairudisha koili mahali pake, nikafungua kauri ya zamani, nikafunga mpya. Yeye alikuwa ananiongoza kwa kidole cha kushoto: waya ya kutoka kwenye ufunguo huku, ya kwenda kwenye koili kule, kaza lakini usipasue, la, ile nyingine, mwalimu, ulikuwa unasahihisha nini miaka yote hiyo. Nilimwambia anyamaze. Nikaingia, nikashika ufunguo. Ikawaka. Mkono wangu ukakataa kuachia. Mazoea ni kitu kibaya. Nilikuwa na hakika kwamba nikiachia itazima, kama kila siku.

"Achia," akasema.

Nikaachia. Ikaendelea. Niliweka mikono yote miwili mapajani nikaitazama, na injini inanguruma tu bila kushikwa na mtu. Mume wangu aliegemeza sikio upande wa boneti, amefumba macho. Alikaa hivyo hadi nikaanza kuhofia petroli.

"Sawa," akasema mwishowe. "Twende. Lakini usikimbize."

Tuliondoka siku iliyofuata kabla jua halijakomaa. Jirani alituletea maziwa kwenye kibuyu, akamshika mume wangu kichwa kwa mikono miwili. "Mzee, mnaenda Kenya?" akauliza. Mume wangu akamjibu kwa Kiturkana kirefu ambacho sikukifuata chote, naye akacheka na kufuta macho.

Niliendesha. Ni yeye aliyenifundisha, zamani, kwenye mchanga wa laga ya Kawalase, akipiga kelele. Sasa alikuwa kando yangu, amefungwa mkanda na leso juu yake asiteleze, madumu mawili miguuni. Lile la koili alilisisitiza yeye. Lami ilikuwa nzuri na upepo ulikuwa unaingia.

Tulipofika laga ya kwanza akainua kidole. "Simama. Ng'ombe ana kiu."

Nilitaka kumwambia hakuna ng'ombe mwenye kiu. Breki ni mpya, njia ni lami, fundi wa Kakuma amesema koili haitaomba maji, na wewe ndiye uliyemfundisha fundi wa Kakuma. Nilisimamisha pikapu. Nikafungua boneti, nikaweka kiganja juu ya koili. Ilikuwa na uvuguvugu tu, kama paji la uso la mtoto asiye na homa. Niligeuka nikamwona kupitia kioo. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nje, mikoma, mchanga, mtu mmoja na ngamia wake wanaokwenda zao.

Nililowesha kitambaa, nikaivika koili, nikaongeza na maji juu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Halafu tukaendelea, polepole, na kwenye laga ya pili ng'ombe alikuwa na kiu tena, na kwenye ya tatu. Magari ya nyuma yalitupigia honi na kutupita. Mimi, niliyekuwa natamani mvua ile kuliko chakula, niliendesha kama mtu anayebeba mayai, na kila alipoinua kidole nilisimama.

Pale Kainuk, baada ya kizuizi cha polisi, dumu la koili liliisha. Mbele yetu milima ilikuwa imeanza kuonekana, na juu yake mawingu. Mume wangu alilitazama dumu tupu, kisha akatazama milima.

Niliteremka, nikaulizia bomba, nikalijaza tena.